"Give it a once-over" maana yake nini hasa? Leo imeniaibisha ofisini

Mtoto_wa_Temeke:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa kimombo kidogo maana leo nimeaibika, tena kwa kitu cha kijinga kabisa.

Mi nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Kurasini. Meneja wetu ni mgeni, Mwingereza, ana kama miezi mitatu tu hapa mjini. Mchana kanitumia imeili, ndani kuna pakingi listi ya mteja (orodha ya mzigo na uzito wake), kaandika "Please give this a quick once-over before it goes to the client at 4". Sasa mi nikaisoma fasta huku njaa inaniuma, nikaona quick, nikaona give, nikaona once, nikaona over, kichwani nikajipangia mwenyewe: over si ni kuisha, kama game over? Na once si ni pindi? Kwahiyo pindi ikiisha mpe mteja haraka, isifike saa kumi. Listi naiona imeshaisha, nikaifowadi kwa mteja saa nane na nusu, nikajiona mchapakazi kweli kweli, nikaenda zangu kula wali maharage.

Narudi nakuta simu zinanitafuta. Kwenye ile listi katoni ni 410, neti imeandikwa kilo 9,840 afu grosi imeandikwa kilo 9,480. Yaani mzigo ukiwa ndani ya maboksi yake ni mwepesi kuliko mzigo wenyewe bila maboksi!! Aliyegundua ni mteja. Meneja wala hajafoka, kanitazama tu akasema "I asked you for a once-over". Na mimi kwa kujiamini nikamjibu "yes sir, I gave it". Jamani. Watu wawili watatu mle ofisini wakainamia kompyuta zao ghafla.

Nimeshatafuta kwenye kamusi wanasema ni kukagua kwa haraka. Sawa, ila haijaniingia. Once na over zimekutana wapi mpaka zikazaa kukagua? Na kuna siku nilikuwa naangalia muvi nikasikia jamaa anasema mlinzi wa mlangoni "gave me the once-over", sasa mtu anakaguliwaje kama pakingi listi? Na kwa Kiswahili tunaiitaje? Msaada bila kunicheka sana tafadhali.

Ticha_Mstaafu:

Pole kijana wangu, na usijione mjinga maana kosa lako lina mantiki. "Once" kweli inaweza kuwa "pindi", kama ukisema once it is over. Ila angalia maandishi, kuna kakistari katikati, once-over, na mbele yake kuna "a". Kakistari kale kanakwambia haya maneno mawili yameshafungwa kamba moja yamekuwa jina la kitu, kama sisi tunavyosema "mwanahewa" au "kipaimara", huwezi tena kuyatenganisha ukachambua kimoja kimoja. Na ile "a" inakwambia ni kitu unachopewa au unachotoa. Unaipa karatasi "once-over" moja.

Sasa ilikotoka. Neno hili lilianza kwa Wamarekani mwanzoni mwa karne ya 20, ni lugha ya mtaani iliyokuja kuvaa suti. Once hapa ni mara moja. Over hapa siyo kuisha, ni kupita juu ya kitu kutoka ncha hii mpaka ncha ile, kama unavyopitisha mkono juu ya kitambaa kukinyoosha. Kwahiyo once-over ni jicho kupita juu ya kitu CHOTE ila safari moja tu, hakuna kurudi nyuma. Hapo ndo penye siri yake na ndipo wengi wanapokosea kutafsiri. Watu husema ni "kutupia jicho". Si sahihi sana. Ukitupia jicho umeangalia pale jicho lilipoangukia basi, hiyo kwa Kiingereza ni glance. Once-over inataka ufike mwisho wa karatasi. Haraka, lakini yote. Mimi ningesema "kupitisha jicho" au "kuipitia mara moja".

Na hapo kwenye "mara moja" Kiswahili kina mtego wake kizuri tu. Nikikwambia "isome barua hii mara moja" nimekwambia uisome mara ngapi, au uisome saa hizi? Vyote viwili vinaingia! Ukiunganisha maana zote mbili za mara moja ndo unapata once-over. Mwingereza katumia maneno mawili, na sisi mawili, ila yetu ni ya kuvizia.

Rungu_la_Usiku:

Mi nimekaa lindo miaka sita, ningetumiwa hiyo imeili ningejua bosi kamaliza kuongea anasubiri nijibu. Kwenye redio kolu "over" maana yake nimemaliza, zamu yako. Once over, over. Ningemjibu roger sir nikaendelea kunywa chai 😂😂

Kirinyaga_Boy:

@Rungu_la_Usiku umeniua buda 😂

Mimi niko huku Leicester, hii maneno nimeipata ya kutosha, hasa gereji. Hapa gari ikishafika miaka mitatu lazima kila mwaka ipelekwe MOT, hiyo ni test ya serikali ya kujua kama gari iko sawa kuingia barabarani, ilianza 1960 na wakati huo ilikuwa ya magari ya miaka kumi kwenda juu peke yake, ile ya miaka mitatu ikakuja 1967. Sasa mwaka wa kwanza nimepeleka kagari kangu kwa fundi mmoja mzee, nikamwambia nina MOT wiki ijayo, akaniambia "leave it with me, I'll give it the once-over". Mimi nikafikiria hiyo ndio MOT yenyewe nikaanza kuuliza bei.

Kumbe hapana. Alifungua boneti akavuta ile stiki ya oil akaipangusa na kitambaa akairudisha akaivuta tena, akacheki maji, akaniambia niingie ndani niwashe taa moja moja yeye akiwa nje, akazunguka tairi zote nne akiinama, akaegemea kona ya gari akaisukuma chini kuskia shoki zikirudi. Hajatoa spana hata moja. Hajaandika kitu. Kama dakika tano hivi imeisha. Akaniambia balbu ya kumulika namba pleti ya nyuma imeungua, na hiyo ingeniangusha MOT. Balbu ndogo ka punje ya mahindi! Hakuniitisha hata peni.

Kwa hivyo hiyo ndio tofauti ninayoiona mimi. Inspection ina fomu, ina muhuri, ina mtu wa kushtakiwa kama ameikosea. Once-over haina karatasi. Ni macho na uzoefu. Fundi mzee anaweza kukupea once-over, mtu amejua gari jana hawezi, atazunguka tu akisema iko poa iko poa.

Na by the way Waingereza wana maneno mob ya kuangalia kitu haraka, ukikaa London utaskia "have a butcher's", usidhani unatumwa nyama. Ni mchezo wa watu wa East End wa kutumia vina, butcher's hook inarhyme na look, halafu hook wakaitupa wakabaki na butcher's. Kuna pia "take a gander", gander ni bata bukini dume, vile hunyoosha shingo kuchungulia.

Bint_Darajani:

Assalam aleikum jamaa zangu. Mie nipo Muscat mwaka wa kumi na moja huu, asili yangu Unguja. @Kirinyaga_Boy umenikumbusha kitu, kuna mzee mmoja Mwingereza nilikuwa nafanya nae kazi hapa, kila akitaka kuangalia jambo ati "let me have a quick shufti". Mwanzo nikadhani anazungumza Kiarabu vibaya. Sie hapa siku nzima ni shuf, shufi, shuf hina, angalia, angalia hapa. Kumbe ni neno la Kiingereza wallahi! Wanajeshi wao, hasa wa ndege, walipokuwa nchi za Kiarabu walilisikia wakalibeba kwao, "shufti" maana yake ilikuwa umeona? Leo wazee wao wanalitumia kama la kwao.

Na lipo la pili, "dekko". Hilo la India, jeshi hilo hilo, dekho ni tazama. Nani kwetu hajaangalia picha za Kihindi, dekho dekho hiyo hata bibi yangu asiyejua kusoma anaijua. Sasa siku moja huyo mzee kanambia "have a dekko at the storeroom floor, will you". Mie nikenda nikatia maji na sabuni, nikapiga deki chumba chote cha stoo, naona huyu mzee skuizi kajua Kiswahili masha'Allah. Kaja kunitafuta kanikuta suruali nimeikunja na tambara mkononi. Alichotaka ni niangalie tu kama sakafu ina ufa 🤦🏽‍♀️

Kwa hivyo mwanangu wa Temeke usijali, hatupo peke yetu wala hupo peke yako.

Mtoto_wa_Temeke:

Hahahaa @Bint_Darajani dada yangu umeniponya roho, mi nilituma karatasi we umepiga deki. Ticha ahsante sana mzee wangu, hiyo ya kufika mwisho wa karatasi imeingia. Ila bado la yule mlinzi, karatasi nimeelewa, gari nimeelewa, mtu je?

Mama_Vitenge:

Hilo la mtu niachieni mimi 😅 Ni kutazamwa kutoka juu mpaka chini. Sisi tuna neno zuri kuliko lao, kupandishwa na kushushwa. Mara ya kwanza napelekwa nyumbani kwa mume wangu, wifi yangu mkubwa alikuwa kakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuinuka. Kaanza kwenye kilemba, kashuka kwenye hereni, kashuka kwenye kitenge kaona pindo limeshonwa kwa mkono, kaenda mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, hapo akapumzika maana rangi ya kucha ilikuwa imebanduka. Halafu akarudi juu taratibuuu mpaka usoni, ndo akasema "karibu mwaya". Hiyo ndo the once-over. Ila yeye kanipa mbili, Mzungu anashuka mara moja anakwenda zake, sisi tunashuka na kupanda!

Na hapo sikilizeni lugha, kwa mtu mara nyingi wanasema THE once-over, gave me the once-over, kwa karatasi unaweza kusikia a au the. Na maana inategemea nani anakutazama. Mlinzi wa mlangoni anakupima tu, umevaa nini, umebeba nini, umelewa au la, hana neno na wewe. Kijana baa akikupa once-over hiyo nyingine kabisa. Na wifi ndo hivyo. Maneno yale yale. Kwahiyo usije kumwambia meneja wako "I gave the client a once-over", utakuwa umesema umemtazama mteja juu mpaka chini 😂

Ya nyumbani pia ipo. Mabinti niliokuwa nafanya nao kazi za usafi wa hotelini walikuwa wanaambiwa chumba hiki mgeni hajalala, "just a once-over". Hapo hakuna kutoa shuka, unapitisha kitambaa mezani, unapitisha ufagio, unanyoosha kitanda, unatoka. Ndo kupitisha kule kule anakokusema Ticha, safari hii ni mkono badala ya jicho.

Mzee_wa_Ghala:

Mmejadili vizuri. Mimi nimefanya kazi maghala ya nafaka tangu kijana, naongeza moja tu kwa huyu bwana mdogo maana kazi yake ni ya mizigo na atakutana nayo, asije akachanganya once-over na spot check.

Spot check ni bambo. Vijana wa sasa sijui kama bambo mnalijua, ni kile chuma kina mfereji na ncha kali, unachoma gunia pembeni, punje zinateleza kwenye mfereji zinakuangukia kiganjani, unaangalia unyevu, wadudu, mchanga. Huchomi magunia yote. Unachagua hili la chini, lile la katikati, lile la kona ambako mvua huvuja, lakini hayo machache unayajua mpaka moyo wake. Once-over ni kinyume. Unazunguka mlundiko wote mikono nyuma, huchomi chochote, unaona gunia hili limelowa, lile limeshonwa kwa uzi tofauti, pale panya kapita. Yote umeyaona lakini hakuna ulilolijua ndani.

Kwahiyo hiyo neti na grosi yako ni kitu cha once-over kabisa. Haikuhitaji ufungue katoni hata moja. Grosi lazima izidi neti, jicho likipita hapo linajikwaa lenyewe. Nahisi aliyechapa alibadilisha nafasi za namba mbili, 9,840 na 9,480 ni ndugu. Ila kama kilo zenyewe zilipimwa vibaya huko kiwandani, hilo once-over haliwezi kulikamata na asikulaumu mtu.

Na once-over si kulipua kazi. Mtu anayelipua hafiki mwisho.

Kirinyaga_Boy:

Mzee hiyo ya bambo nimeiscreenshot. Kwetu Mwea kwa mchele nilikuwa naiona nikiwa mdogo, sikuwahi jua jina.

Mtoto_wa_Temeke:

Aisee hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Mzee wa Ghala shikamoo. Ni kweli lilikuwa kosa la kuchapa, ila si namba kubadilishana nafasi, grosi ilitakiwa iwe 10,480, aliyechapa kala sifuri na moja ikageuka tisa, sijui alikuwa anafikiria nini.

Swali la mwisho kabisa. Akinitumia tena, nikishapitisha jicho namjibuje? Nilitaka kumwandikia "I have overlooked the document" maana over ipo na look ipo.

Ticha_Mstaafu:

USITUME!!

Ndo maana niliendelea kukaa macho usiku huu. Look over ni kupitia. Overlook ni kuruka bila kuona, au kuona ukajifanya hujaona. Ukimwandikia hivyo umekiri kosa kwa maandishi. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, barua za kuomba kazi zinazosema "kindly overlook my attached certificates" nimezisoma nyingi, yaani mtu anamwomba mwajiri asivitazame vyeti vyake! Na ndugu yake mwingine ni oversight, huyo ana sura mbili, kuna ya usimamizi na kuna ya kosa la kupitiwa, ndiyo sababu huwa nawaambia wanafunzi wakimkuta wamwangalie wenzie aliokaa nao kwenye sentensi kwanza.

Wewe andika tu "Had a quick look through, one thing on the weights" halafu umwoneshe. Once-over hata yeye hatoitumia kwenye barua ya kwenda serikalini, ni neno la watu wanaojuana kazini. Kwenye barua rasmi sema brief review. Usiseme cursory, maana yake ni haraka pia, chimbuko ni Kilatini cha kukimbia, ndugu wa "cursor" ile inayokimbia kwenye kioo cha kompyuta, lakini ina lawama ndani yake. Ukiandika cursory umesema hukujali.

Mtoto_wa_Temeke:

Nimefuta rasimu hahaha. Mungu akuweke Ticha.

Mtoto_wa_Temeke:

Wakuu samahani nimerudi asubuhi hii. Imeili mpya imeingia sasa hivi, manifesti (orodha ya mizigo) ya kurasa kumi na nne, kaandika "Can you give this one a good once-over, no rush". Sasa si mlisema once-over ni ya haraka? Hiyo "good" na hiyo "no rush" zimetokea wapi tena??

Ticha_Mstaafu:

Hapo kijana, agiza chai kabisa, funga simu, chukua rula uweke chini ya kila mstari. "Good once-over" siyo once-over tena, huyo anataka bambo kwenye kila gunia.

Mama_Vitenge:

Anataka wifi yangu 😂😂😂